Wimbo wa Kupura Ulezi

Niliondoka Nyasho, mtaani kwetu Musoma, kwa sababu moja: mama yangu hakuwa ametamka neno tangu apate kiharusi. Watu wakibisha hodi, mimi ndiye niliyemjibia. Mtaalamu wa usemi wa hospitalini aliniambia kwamba upande wa ubongo unaopanga maneno umeumia, ila wimbo hutumia pande zote mbili. "Tafuta wimbo alioimba ujanani," alisema. "Huenda maneno yakapita njia hiyo." Nyimbo za kanisani tulishajaribu, hakuna kitu. Lakini mimi nikisema nitapata, nitapata.

Saa nne asubuhi nilikuwa Bunda, kwa mama mdogo, niliyekuwa nimemweleza shida yangu kwa simu. Hakuningoja hata nimalize shikamoo.

"Tulikuwaga tunaimba tukipura ulezi," alisema. "Ila maneno yamenitoka, mwanangu. Nenda Butiama kwa Nyangeta. Yeye alikuwaga mwanzishaji, mama yako anaitikia."

Saa nane nilishuka Butiama, vumbi hadi kwenye kope. Mama Nyangeta alikuwa anaanika mihogo. Aliposikia habari za mwenzake aliiacha, akawaita wakamwana wake watatu, wakashika fimbo na kupiga chini kwa zamu.

"Nani yupo uwanjani?" aliimba kwa kilugha.

"Tupo!" wakaitikia.

Nilirekodi kwa simu, nikarudi Musoma jioni ileile nikijiona mshindi.

Mama alisikiliza. Kidole chake kilifuata mapigo, mdomo haukufunguka. Kwa siku mbili niliurudia wimbo ule mpaka majirani wakaushika. Kwa hasira nikampigia Mama Nyangeta.

"Umempelekea wimbo uliojaa," akasema. "Wakamwana wangu wameshaitikia, yeye aingie wapi? Anzisha wewe, halafu unyamaze."

Mimi, niliyetolewa kwaya kwa kukosa sauti! Nilikaa mbele ya mama, nikagonga meza, nikaimba kwa kilugha changu cha kuvunjikavunjika: nani yupo uwanjani? Nikanyamaza. Nikaimba tena, na tena. Mara ya saba kidevu chake kilitikisika.

"Tupo," akaimba.

Nililia bila aibu. Miezi yote ile nilidhani namsaidia, kumbe kila nafasi yake ya kujibu nilikuwa naijaza mimi.

Asubuhi yake jirani alibisha hodi. Nilishafungua mdomo; nikaufunga, nikasubiri. Jirani akabisha tena.

Kutoka kwenye kiti cha mama, polepole, kwa sauti ileile ya kupura ulezi, jibu likaja: "Tupo."