Haramia wa Ukweni

Aibu hii nilitaka nife nayo, lakini kwa kuwa mtaa mzima wa Rusimbi wanaisimulia wanavyojua wao, bora niisimulie mimi niliyepoteza suruali kuliko hao walioambiwa.

Chanzo ni Ramadhani, kinyozi wa hapa mtaani anayejiita dairekta tangu anunue kamera. Namtaja, akitaka akanishitaki. Alikuwa anatengeneza filamu ya maharamia wanaovamia wavuvi ziwani na kung'oa mashine za boti, nami nikapewa kuwa haramia mkuu kwa ajili ya sura yangu (mke wangu Zaituni anasema hapo sikuhitaji hata kuigiza). Kwenye ofisi ya wilaya tukaambiwa tusiwashe kamera kabla ya kibali cha wilaya, barua ya kijiji cha Ilagala, na taarifa kwa polisi na kwa mwenyekiti wa mwalo, pale ufukweni boti zinaposhusha samaki. Ramadhani akalalamika kwamba barua zitatuchelewesha mpaka mvua zianze, na hapo mdomo wangu, ambao shule uliishia darasa la nne ila kuropoka haukuishia popote, ukasema, "Barua ya nini? Ilagala ni ukweni kwangu. Mimi ndiye kibali."

Basi tukaenda. Ramadhani akajificha na kamera kwenye matete ili ionekane kweli kweli, mimi nikavaa koti zito na suruali kubwa niliyoifunga kwa kamba, mkononi bunduki ya mti iliyopakwa rangi nyeusi, nikaivamia boti ya Kashindi, mwenzetu aliyeigiza mvuvi, nikinguruma Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, "Leta mashine, ama unakufa!" Kashindi akapiga yowe zuri mno. Wavuvi wa Ilagala wameshaporwa mashine za kweli, na watoto wao wamesharudi nyumbani bila baba. Huku ziwani asiyejua hilo ni mgeni, na mimi si mgeni, ni mjinga tu.

Filimbi zikalia mwaloni, boti zikaja tatu, nikaona mapanga. Nikajitupa majini, koti likanivuta chini, nikalivua, suruali ikaondoka yenyewe bila kuniaga. Walinitoa kama kambale, wakanifunga kwa kamba ya nyavu nikiwa na chupi (ile ya zamani, Mungu anisamehe). Walipomuuliza Kashindi kama ananifahamu, akatazama yale mapanga, akasema hanijui. Kashindi, nakutaja na wewe.

Nikalia kwamba mimi ni mkwe wao, wakacheka. Mmoja alikuwa ameshafuata petroli. Nikatupa macho kwenye vichanja vya dagaa, nikamwona mama mkwe wangu, ambaye kwa desturi yetu hata kula mbele yake sili. Nilifikiria kunyamaza. Wallahi nilifikiria. Halafu harufu ya petroli ikafika.

"Mama, shikamoo! Ni mimi, wa Zaituni!"

Mwenyekiti akamwita aje anitambue. Alikuja kinyumenyume, amejifunika uso.

"Mfunikeni kwanza," akasema. "Nitamtambuaje mkwe akiwa hivyo?"

Akavua kanga yake ya juu, akairusha nyuma bila kugeuka. Nilipokwisha kufungwa kanga ya mama mkwe kiunoni, mbele ya mwalo mzima, akageuka, akanitazama.

"Ndiye. Mwizi si mwizi. Akili ndiyo hana."

Wakanifungua. Na Ramadhani je? Alikuwa kwenye matete bado anapiga picha, hakukohoa hata mara moja, na alijitokeza petroli ilipokwisha kurudishwa.

Juzi kaja kwangu na karatasi nisaini kwamba nimeridhia sura yangu itumike, maana anasema pale nilipofungwa kamba niliigiza kuliko mahali pengine pote. Leo ndiyo anajua karatasi! Nimemwambia sigusi kalamu kabla sijaona kibali cha wilaya, barua ya kijiji, taarifa ya polisi na ya mwalo, na ridhaa ya mwenye kanga, maana nayo imetokea kwenye picha. Hiyo ya mwisho aende Ilagala akaiombe mwenyewe. Mimi simsindikizi.