Bajaji imesimama kutupisha

Leo bajaji imesimama kutupisha, nikaishia kulia barabarani mbele za watu.

Mimi! Ambaye hata darasani naogopa kunyoosha mkono.

Ni kwenye ile njiapanda yetu ya Kasingirima. Hatimaye wameweka matuta na kuchora kivuko cha pundamilia.

Nilikuwa na Mama Zawadi, anatoka ziwani Kibirizi, beseni la dagaa kichwani. Zawadi nilikuwa nakaa naye dawati moja. Aligongwa na gari hapohapo njiapanda, tukamzika kabla ya mitihani.

Basi, bajaji ikasimama.

Na sisi tukasimama, tunasubiri ipite 😅 Hapa tumezoea kuvuka mbio, kupishwa hatukujui.

Dereva akatoa kichwa: "Mama, vuka basi! Au unataka nije nikubebe na dagaa zako?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo.

Tukaanza kuvuka. Katikati Mama Zawadi akasimama, akaiangalia ile bajaji, halafu akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Kumbe wanaweza kusimama, mwanangu?"

Nikamshika mkono, tukamaliza kuvuka. Nikalia palepale, watu wanaangalia.

Jamani, nyie mngemjibu nini?