Insha Kumi na Tisa, Sentensi Moja

Ijumaa niliweka insha kumi na tisa mezani. Zote zilianza kwa sentensi moja.

Si kufanana. Ileile, hadi koma isiyostahili kuwepo.

"Mwandishi, amefaulu kwa kiasi kikubwa kuangazia masuala ibuka katika jamii."

Nikadhani macho yangu ya miaka sabini na mbili yananichezea. Nikapangusa miwani. Sentensi haikutoka.

Kwa usiyenijua: nilikuwa karani wa kituo cha kununulia majani ya chai huku Silibwet, miaka thelathini na moja. Kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, tayari nina wajukuu. Siku hizi nafundisha watu wazima fasihi katika kibanda kilekile, jioni, lori likishaondoka na majani.

Kazi ya karani ni hivi. Mkulima anamwaga majani mezani, unaingiza mkono. Majani mawili na chipukizi, yapite. Jani gumu, unalitupa chini na mwenyewe anatazama.

Na tulikuwa na sheria: majani ya shamba la karani mwenyewe yanamwagwa kwanza, mbele ya wote.

Insha nazipima vivyo hivyo. Sentensi ya kwanza iseme jambo ambalo mtu anaweza kulipinga. Kama hakuna wa kukupinga, hujasema kitu. Umekohoa tu.

Swali lilihusu hadithi moja ya kitabu cha mtihani, ya mjane anayeng'oa michai yake yote baada ya shemeji zake kuidai. Je, alikosea?

Watu wazima na akili zao wakakohoa! Hakuna aliyemgusa mjane. Sentensi nyingine ilianza safari Kedowa ikafika Mulot bila kitenzi.

Ya kumi na tisa ilikuwa ya Nyamoita, mama wa watoto watatu, mchuma chai aliyeachishwa kazi mashine zilipoingia shambani. Anataka kusomea ualimu wa chekechea. Alishaanguka mtihani wa kidato cha nne mara mbili, na mumewe alishasema hakuna ya nne. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Alikuwa ameandika: "Mjane hakukosea, kwa sababu shemeji zake hawakutaka chai, walitaka kumwona akiomba."

Halafu ameikata kwa kalamu nyekundu, na juu yake ameandika, "Mwandishi, amefaulu..."

Nilimwita jioni hiyohiyo, mbele ya darasa. "Nani alikuambia ukate?"

"Mwalimu Benard, baba. Amesema bila ile ya mwanzo mtu anaanguka."

Benard ni kijana wa hapa, ana digrii na mashine ya fotokopi anayotolea mwongozo wa mtihani. Nikamtumia ujumbe. Akaja na tai shingoni, kijiti cha meno mdomoni.

"Kijana, umelisha darasa langu takataka."

"Mzee, tulia. Hiyo ni fomyula. Inaingia kwa kitabu chochote."

"Ndiyo maana ni takataka! Shati linalomtosha kila mtu ni gunia."

Darasa likacheka. Nikanogewa.

"Aliyetunga sentensi hii hakusoma kitabu, alisoma jalada. Ni mvivu, ni mwoga, na bado anajiona!"

Benard akatoa kile kijiti mdomoni. Akafungua mkoba, akaweka daftari la kijani mezani.

Jina langu. Mwandiko wangu. Mwaka wa 1999. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, na koma yake.

"Ulinipa nikiwa kidato cha tatu, mzee. Ukaniambia, kariri hii, usiguse hata koma."



Kisha Okemwa wa bodaboda, kutoka nyuma: "Wueh! Karani amenaswa na mzani wake!"

Walicheka mpaka mabati yakatetemeka. Ningesema nilikuwa kijana, lakini miaka arobaini na saba si ujana. Niliogopa kusema jambo langu mbele ya wasomi nikakosea. Basi.

Nyamoita hakucheka.

"Sasa baba, Jumatatu niandike ipi? Yako ilikupitisha."

Nikakumbuka sheria ya majani ya karani.

Nikafungua daftari nikasoma insha yangu yote kwa sauti, kurasa tatu. Kila sentensi niliuliza, "Kuna wa kuipinga?" Hakuna. Nikang'oa ukurasa, nikautupa chini. Na wa pili. Na wa tatu. Mezani likabaki jalada na karatasi tupu.

"Ilinipitisha," nikamwambia, "na mpaka leo sikumbuki kile kitabu kilihusu nini."

"Mimi yule mjane namkumbuka," akasema polepole. "Nimeombeshwa kama yeye."

"Basi."

Akachukua karatasi safi akaiandika upya sentensi yake.

Matokeo yalitoka Januari. Sasa Nyamoita yuko chuoni.

Sitawadanganya: wapo waliokohoa na wakapita pia. Lakini nilimuuliza Okemwa, mmoja wao, yule mjane aliwafanyia nini shemeji zake. Akaniambia, "Mzee, kulikuwa na mjane?"

Benard bado anagawa mwongozo wake. Nasikia ameondoa koma.

Somo ni hili, wewe unayeandika insha usiku wa mtihani na simu mkononi. Sentensi inayoweza kukaa juu ya kitabu ambacho hujakifungua si yako. Itupe chini. Na kabla hujatia mkono katika majani ya jirani, mwaga yako.