Mkoromo Nilioupeleka Ruangwa

Jamani, mpaka leo siamini masikio yangu. Kila usiku mkoromo ulikuwa unanigutusha, na nikiamka tu unakoma. Nikamtishia mke wangu, Mama Zuhura, kwamba atahamia stoo akalale na magunia ya ufuta. Akanijibu taratibu, "Haya, twende hospitali." Usiku ule nikaacha simu ikirekodi ushahidi tukiwa tumelala, asubuhi tukapanda bodaboda kutoka kijijini kwetu Chunyu hadi hospitali ya Ruangwa.

Daktari akaeleza kwamba mtu mzima akilala chali, ulimi unaweza kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa kooni.

"Umesikia?" nikamkaripia mke wangu.

Nikawasha rekodi, ambayo hata sikuwahi kuisikiliza. Mkoromo ukajaa chumba, kisha ukakatika ghafla. Kimya. Halafu sauti ya Mama Zuhura, analia:

"Baba Zuhura! Vuta pumzi, mume wangu, vuta!"