Mashine Yangu ya Kukataa Simu

Hasira zangu ziko karibu, na hilo wanafunzi wangu watakuambia kabla sijafika darasani. Kwa hiyo ukisikia nilinunua mashine ya kupambana na watu nisiowajua, usishangae sana.

Nyumbani kwangu Igogo nina simu ya mezani, ile ya vitufe vikubwa inayotumia laini kama za mkononi. Niliinunua kwa ajili ya mama yangu, alipokuja kukaa kwangu miezi michache akitibiwa macho. Simu yake ndogo ilikuwa inamtesa, kila akitaka kupiga anajikuta ameizima. Hii ya mezani aliipenda. Shida ni kwamba wauzaji nao waliipenda.

Sijui namba yetu waliipata wapi. Asubuhi bima ya mazishi, mchana mkopo wa haraka, jioni binti mwenye sauti ya asali anakuambia umechaguliwa wewe, kati ya watu wote wa nchi hii, uwekewe wimbo wa kuwaburudisha wanaokupigia. Mimi nilikuwa nakata kabla hawajamaliza kutaja kampuni. Mama hakati. Kwake yeye mtu akishapiga simu ni mgeni, na mgeni anaulizwa kwao ni wapi, mvua zimenyesha, wazazi wazima. Yule wa bima ya mazishi aliishia kusimulia jinsi mchumba alivyomwacha, Mama akamwombea palepale kwenye simu, na amina yao niliisikia mpaka jikoni.

Nilivumilia mpaka siku niliyotoka shule nikakuta kijana amekaa sebuleni, amefunga tai, anakunywa chai kwenye kikombe changu. Mbele yake maboksi mawili ya dawa za lishe. Mama alikuwa amemwelekeza kwa simu kila kona: shuka kituo fulani, pita duka la bluu, geti jeusi. Alikuwa amemweleza pia kwamba nina presha na kwamba nakoroma. Kijana akanisalimia kwa adabu zote, kisha akanionyesha boksi la presha na boksi la kukoroma.

Nilimtoa na tai yake. Halafu nikamgeukia Mama, nikamfokea. Nilimwambia nyumba yangu si stendi, na kwamba mtu mzima hawezi kuwa anagawa habari za mwanawe kama njugu. Mama alikusanya vikombe akaenda kuviosha. Kesho yake nikapanda mjini Nyamagana, nikazunguka maduka ya umeme mpaka nikapata nilichotaka.

Ni kidude cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye kioo kidogo na taa mbili. Unakichomeka kwenye simu, unakiingizia namba za watu wako. Mtu wako akipiga, taa ya kijani inawaka na simu inaita kama kawaida. Asiye wako akipiga, simu haiiti kabisa. Yeye huko anasikia mlio wa kukatwa, na wewe huku unaona taa nyekundu ikipepesa. Namba ya kwanza kuiingiza ilikuwa ya Mama, japo nilikuwa bado nimenuna.

Mama alisimama akiniangalia. "Na mtu akiwa na shida ya kweli?" akauliza.

"Wenye shida za kweli namba zao ninazo," nikamjibu.

Asubuhi yake akasema macho yamepona, akafunga mzigo wake kwa kitenge akarudi kwake Usagara.

Nilisubiri apige kusema amefika. Hakupiga. Siku ya tatu nikampigia mimi, haipatikani. Wiki ikaisha, haipatikani. Nikajua amenizimia simu makusudi, basi na mimi nikasusa. Usagara unaondoka hapa asubuhi na chakula cha mchana unakula nyumbani, lakini mtu mwenye kichwa kigumu kama changu huona njia hiyo ndefu kuliko ya kwenda Dar. Nilimkumbuka sana. Nilimkumbuka mpaka nikawa nagombana na sufuria. Lakini nilitaka aanze yeye.

Faraja yangu ikawa ile mashine. Jamani, niliipenda. Taa nyekundu ikipepesa naacha kusahihisha madaftari, nacheka peke yangu. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake hasa. Natoka kanisani, nakula, nakaa kwenye kochi, na ikifika saa nane taa inaanza: mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nilikuwa napiga makofi. Nilisema hawa watu hata siku ya Bwana hawapumziki, na leo wamekutana na mwenyewe.

Jumapili ya tano alinitembelea mwalimu mwenzangu, yule wa hesabu. Nikamtambia mashine yangu mpaka akachoka, na ili nimalize maringo nikamfungulia orodha ya simu zote zilizokataliwa. Akavaa miwani, akasoma polepole, kama anavyosoma mtihani wa mtoto anayemhisi ameibia.

"Hawa wa katikati ya wiki ni wauzaji," akasema. "Lakini muuzaji gani anapiga Jumapili tu, saa nane, mara tatu, halafu ananyamaza wiki nzima? Na kila Jumapili ana namba nyingine?"

Hapo hapo taa nyekundu ikawaka. Ilikuwa saa nane na dakika chache. Nilirukia kitufe cha kumruhusu apite, nikabonyeza kisichohusika, taa ikazimika. Nikasoma ile namba kwenye kioo, nikaipiga.

Akapokea mwanamume. Nyuma yake makonda walikuwa wanaita abiria. Akasema yeye ni fundi baiskeli hapo Usagara njia panda, na simu alikuwa amemwazimisha mama mmoja. "Ndiyo wewe binti yake? Anaazima simu zetu kwa zamu, leo yangu, Jumapili iliyopita ya muuza miwa. Anasema una kazi nyingi huko mjini ndiyo maana hupokei, tusikuone vibaya." Kisha akamwita.

Nilisikia akipangusa simu kwenye nguo.

"Leo umepata nafasi," Mama akasema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Nikaanza kujieleza mbio mbio. Mama, si mimi, ni mashine, haijui hizi namba za watu, namba yako nimeiweka ya kwanza kabisa, mbona yako haipatikani?

"Yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maziwa wiki ile ile niliyorudi," akasema. "Na hiyo mashine aliinunua nani?"

"Mimi, Mama."

Halafu akaniambia alichokuwa anapiga kusema Jumapili zote tano: kwamba alikosea kumleta yule kijana nyumbani kwangu bila kuniuliza, na kwamba nisimwekee moyoni.

Mama yangu, na macho yake yale, amesimama juani njia panda akiwaomba watu simu ili aniombe radhi, na mimi niko kwenye kochi napiga makofi. Nililia mbele ya mwalimu wa hesabu, naye akajifanya anasoma maandishi ya chini ya kikombe. Nikamwambia Mama asiondoke hapo, nakuja sasa hivi.

"Njoo," akasema, "ila nirudishe simu ya mtu kwanza. Na pitia sokoni uniletee ndoo yenye mfuniko."