Kisanduku cha Sita

Shafii alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Yoba, mjini Gitega, Burundi, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko pasi yake ya makaa. Vita vilipozuka mwaka 1993, nyumba ya baba yake iliteketea pamoja na kitabu cha dua za maiti ambacho mzee alikitunga na kukiandika kwa mkono wake. Mzee naye aliuawa wiki hiyo hiyo, akazikwa harakaharaka, hakusomewa hata dua moja kati ya zile. Hilo lilimuuma Shafii kuliko moto wenyewe. Aliapa kuyapata maneno ya baba yake kama yalivyokuwa, ayasome kaburini kwake.

Zilibaki nakala nne: yake, ya jirani yake Uthmani, ya shangazi yake Kadidja, na ya Abubakari, mwanafunzi wa zamani wa mzee, aliyeishi Gasorwe huko Muyinga. Watu walikuwa wamenakiliana, kosa likazaa kosa. Shafii aliona kwamba akiziweka mbilimbili na kuhesabu maneno yasiyolingana, atajua zipi ni ndugu na zipi ni za ukoo mwingine. Neno lililohifadhiwa na koo zote mbili, hilo ndilo la baba. Nakala nne, jozi sita. Akachora visanduku sita kwenye karatasi ya kukatia nguo.

Mwaka 1994 barabara ilitulia kidogo, akapeleka nakala mbili, yake na ya Uthmani, Gasorwe. Shangazi yake alikataa kutoa ya tatu.

"Iyi buku haitoke mu nyumba yangu," alisema. "We enda, kama umechoka kuishi."

Visanduku vitano vikajaa, vikaonyesha kwamba nakala yake na ya Kadidja ni ndugu, na ya Uthmani na ya Abubakari ni za ukoo mwingine. Cha sita, cha Kadidja na Abubakari, kikabaki kitupu, na barabara ikarudia kuua watu.

Mwaka 1996, akiwa anapiga pasi suruali ya mtu, hesabu ikamjia. Kadidja na Uthmani walipishana maneno ishirini na manne. Shafii na Abubakari, ishirini na matano. Alijumlisha, akatoa ishirini na manane ya kwake na Uthmani, kwa kuwa jozi zote hizo, pamoja na ile ya sita, zilivuka daraja lile lile kati ya koo mbili. Yalibaki ishirini na moja. Aliandika namba hiyo kwa penseli kwenye kisanduku cha sita.

Laiti angeishia hapo. Lakini alitaka kuona kwa macho yake, akamwandikia Abubakari: ukipata nafasi, lete kitabu chako.

Abubakari hakuweza kumkatalia mtoto wa mwalimu wake. Basi alilopanda lilimiminiwa risasi njiani. Maiti zililetwa Gitega, yake ikiwemo, na utingo wa basi aliyenusurika akaja Yoba na kitabu.

"Muzee alikuwa amekishika," alisema. "Ndani iko na jina yako."

Kadidja alitoa chake bila kuombwa. Walivilaza kwenye meza ya kukatia, wakahesabu hadi ukurasa wa mwisho, vidole vikipita juu ya madoa ya damu.

"Ngapi?" aliuliza shangazi.

"Makumi mbili na moja."

"Na we ulifikiria ngapi?"

Shafii alimwonyesha ile namba ya penseli. Kadidja aliitazama, kisha akafunga kitabu chake.

"Basi ulikuwa unajua," alisema.

Kesho yake Shafii alisoma dua za baba yake, neno kwa neno, juu ya kaburi la Abubakari. Kwenye kaburi la baba hakuthubutu kwenda.