Mbuzi Juu ya Bati

Bi Biasha, muuza mahamri wa Lunga Lunga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, hakuwa mtu wa kununua kitu ambacho mikono yake ingeweza kukiunda. Picha ya runinga ilipozidi kukatikakatika, alizikunjua henga mbili za chuma za kutundikia nguo, akazifunga kwa waya kwenye kifuniko cha sufuria, kisha akakipigilia kifuniko hicho kwenye mbuzi kuukuu ya kukunia nazi iliyokwisha meno. Antena ikapandishwa paani, na picha ikatulia kama maji ya mtungini. Majirani walicheka kwamba kwa Biasha mbuzi analala juu ya bati, halafu wakaja kutazama taarifa ya habari.

Antena hiyo ilikuwa na tabia moja tu: ukiielekeza kaskazini inanasa Kenya, ukiielekeza kusini inanasa Tanzania.

Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, baada ya kufuturu, Kenya ilitangaza kwamba mwezi haukuonekana. Mumewe Abdulaziz, ambaye kanzu yake ya Idi ilikwisha kupigwa pasi, alitoka kimya kimya, akapanda ngazi, akaigeuza mbuzi. Aliporudi ndani, Tanzania ilikuwa ikitangaza kwamba mwezi umeandama.

"Alhamdulillahi," akasema, kama aliyepokea habari asiyoitarajia. "Basi kesho ni Idi. Pilau usiifanyie ubahili wa nyama."

Bi Biasha hakuinua macho. Alikuwa akiloweka kunde za futari ya kesho.

"Idi njema, Baba Husna," akamwambia. "Mbuzi umeigeuza, lakini jiko langu bado liko Kenya."